Gari Kuukuu la Marekani na Mafundi Wanaoliumba Upya

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini yako mambo yanayoikaidi methali hiyo, na mojawapo ni mapenzi waliyonayo baadhi ya watu wa Marekani kwa magari yaliyotengenezwa mara baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mtu mwenye uwezo wa kununua gari jipya, lenye kila starehe, hulipita dukani bila ya kugeuza shingo, akaenda zake shambani kununua Chevrolet ya 1950 iliyolala chini ya mti miaka na miaka, kuku wametaga katika kiti cha nyuma. Halafu, badala ya kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, hulikata nguzo za paa, akaling'oa vitasa vya milango, akalishusha mpaka tumbo lake likawa karibu kuibusu lami.

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, huku si kuharibu? Swali hili limenishughulisha sana, maana mimi ni katika watu waumwao na roho wanapoona mlango wa kale wa kuchonga umetiwa msumeno. Kila nilipozidi kuyasoma mambo haya, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba jawabu lake si jepesi kama nilivyodhani. Kwa hivyo nitaeleza kwanza magari yenyewe ni yepi, hununuliwa vipi na hugeuzwa vipi, kisha nieleze kwa nini jambo lililoonekana mchezo wa vijana lilifika mpaka kwenye vitabu vya sheria. Baada ya hapo tutahukumu.

NJAA YA MAGARI

Mwezi wa Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia. Mitambo ikageuzwa kutengeneza vifaru, ndege na malori ya jeshi. Ilipofika 1945 vita vikamalizika, na mamilioni ya watu walikuwa na fedha mkononi lakini hawana gari la kununua. Kwa miaka michache viwanda viliwauzia magari ya sura ya 1942 yaliyobadilishwa mapambo tu, na watu wakayapigania hivyo hivyo.

Sura mpya hasa zilikuja na magari ya mwaka wa 1949. Kabla ya hapo madigadi yalikuwa yamejitenga na bodi, mfano wa mabega yaliyotoka nje. Sasa yakazamishwa ndani, gari likawa na ubavu mmoja laini kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Mercury ya 1949, iliyotengenezwa na kampuni ya Ford, ilikuwa nene, ya mviringo, yenye injini ya silinda nane iliyopangwa kwa umbo la V, ukubwa wake kama lita 4.2, na nguvu za farasi 110. Bei yake ikiwa mpya ilikuwa kama dola 2,000. Ile ya milango minne ilikuwa na jambo la ajabu: milango yake ya nyuma ilifunguka kinyume, bawaba ziko upande wa nyuma, hata milango miwili ya ubavu mmoja ikifunguliwa pamoja huwa kama kabati.

Chevrolet ilikuwa gari la mtu wa kawaida. Ilikuwa na silinda sita zilizopangwa msitari mmoja, lita 3.5, nguvu za farasi 90 tu, lakini ilikuwa rahisi na mvumilivu. Katika magari ya mwaka wa 1949 peke yake kampuni hiyo ilitengeneza zaidi ya milioni moja. Mwaka wa 1950 ikaleta gia zinazojibadilisha zenyewe, jambo ambalo kabla ya hapo halikupatikana katika magari ya bei ya chini.

Viwanda vya Marekani vilikuwa na hila yao: kila mwaka hubadilisha sura kidogo ili mwenye gari la mwaka jana aone haya kulitembeza. Basi matajiri wakawa wanauza na kununua, na baada ya miaka michache magari yale mazuri yakawa yamejaa kwenye viwanja vya kuuzia magari yaliyotumika. Huko ndiko walikoyakuta vijana wa California waliorudi vitani, vibarua wa viwandani, na watoto wa wahamiaji kutoka Mexico waliokuwa wakiishi Mashariki ya Los Angeles. Hawakuwa na uwezo wa kununua jipya. Walichokuwa nacho ni mikono.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Anayenunua gari la namna hii leo hufanya vyema kuikumbuka methali yetu kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jambo la kwanza analoamua ni idadi ya milango. Wakusanyaji wengi hutaka milango miwili, kwa kuwa ubavu wake ni mrefu na umenyooka. Kwa sababu hiyo gari la milango minne, ndilo lile liitwalo sedani, aghalabu huwa na bei nafuu zaidi ingawa chuma chake ni kile kile na injini ni ile ile. Mwenye familia hulipenda, maana mke na watoto hupanda bila ya kukunjana. Ubaya wake huonekana siku ya kukata paa, kwani nguzo ni nyingi zaidi na kila mlango una fremu yake ya kioo.

La pili ni kutu. Rangi inaweza kung'aa ilhali chini kumeoza. Mnunuzi mwenye akili hulala chali chini ya gari akatazama sakafu, vizingiti vya milango, ndani ya madigadi, na sakafu ya buti. Huchukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze, akaipitisha taratibu juu ya bodi. Inaponasa pana chuma. Inapoteleza ikaanguka, chini ya rangi ile pamejazwa plasta au risasi, na hapo ndipo maswali huanza. Husimama pia nyuma akatazama kama mianya ya milango ni sawa juu na chini. Mwanya uliopanuka upande mmoja ni dalili ya gari lililowahi kugongwa, au chesisi iliyopinda.

La tatu ni injini. Chevrolet ya 1949 haisukumi mafuta kwa nguvu mpaka kwenye kila beringi kama magari ya leo. Chini ya kila fimbo ya pistoni pana kijiko, na fimbo inapozunguka kijiko huchota mafuta na kuyarusha. Mpango huo watosha kwa mwendo wa wastani, lakini ukilikimbiza gari hilo kwenye barabara kuu za siku hizi, kutwa nzima, unajitafutia hasara. Kuanzia 1953 baadhi ya injini za Chevrolet zilipata pampu ya kusukuma mafuta kila mahali, na 1954 zikapata zote. Ndiyo sababu wengi huitoa ile ya kwanza wakaweka ya miaka hiyo, ambayo kwa umbo ni ndugu yake. Umeme nao ni wa volti 6. Taa zake humulika kwa haya, na kuliwasha asubuhi ya baridi ni kazi. Chevrolet iliingia katika volti 12 mwaka wa 1955.

La mwisho ni hati za gari. Nambari iliyoko kwenye gari lazima ilingane na iliyoandikwa katika karatasi, na jina la muuzaji liwe ndilo lililomo. Rahisi huvunja upishi: gari la bei ya kutupa lisilokuwa na hati huweza kumtia mtu mashakani hata baada ya kulimalizia fedha zake zote.

MSUMENO NA MOTO

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mafundi waliotia fora katika miaka ya mwanzo ni ndugu wawili, George Barris na Sam Barris, waliokuwa na karakana yao Los Angeles. George alikuwa hodari wa kuitangaza kazi, na baadaye ndiye aliyeunda gari la Batman lililoonekana katika televisheni mwaka wa 1966. Sam ndiye aliyekuwa bingwa wa chuma. Mwaka wa 1949 alichukua Mercury yake mwenyewe, ikiwa bado mpya, akaikata paa. Fikiri, msomaji, ujasiri wa mtu kulitia msumeno gari ambalo jirani yake bado anaota kulinunua!

Kukata paa kwasikika kama kazi ya dakika mbili: unapunguza nguzo inchi tatu au nne, unashusha paa, unaunga. Lakini nguzo za gari hazikusimama wima kama nguzo za baraza; zimeinama kuelekea ndani. Kwa hivyo ukizipunguza kisha ukashusha paa, paa haliikuti tena mizizi ya nguzo. Ni fupi. Fundi hana budi aidha kuzilaza nguzo zaidi, au kulikata paa lenyewe na kuliongeza ukanda wa bati katikati. Kioo cha nyuma nacho hulazwa ili mteremko wake ukubaliane na buti. Vioo vya bapa hukatwa vikaingia, lakini kioo kilichopindwa kiwandani huweza kupasuka mikononi mwa hodari yeyote.

Nilimwonyesha fundi mmoja wa bodi hapa Mombasa picha ya Mercury iliyokatwa hivyo, bila ya kumweleza lolote. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya paa.

“Ami, hapa pana uongo,” akaniambia. “Gari hili halikuzaliwa na paa hili. Lakini aliyekata ni fundi, maana siuoni mshono.”

“Na wewe waweza?” nikamwuliza.

“Kukata naweza. Kurudisha ndiyo kazi, ami.”

Maneno yake yalikaa moyoni mwangu, nami nitayarudia kabla ya kumaliza.

Mshono hauonekani kwa sababu mafundi wa zamani waliujaza kwa risasi iliyochanganywa na bati. Chuma husafishwa kwanza, kikapakwa lehemu nyembamba. Kisha mchanganyiko huo hupashwa kwa moto mpaka uwe kama uji mzito, ambao haujatiririka wala haujaganda, ukasambazwa kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta ili usigande nacho. Ukipoa hupigwa tupa mpaka uwe sawa na bodi. Gari moja liliweza kubeba uzito mkubwa wa risasi, hata mafundi wenyewe wakayatania magari hayo kwa jina la magari ya risasi. Kazi hiyo ina sumu. Vumbi la risasi likiingia mwilini humdhuru mtu, na ndiyo sababu siku hizi wengi hutumia plasta, na wanaoshikilia desturi hufunika pua na mdomo kwa kifaa maalumu.

Baada ya paa huja mengine. Vitasa vya milango hung'olewa, matundu yakazibwa, na mlango ukawa hufunguliwa kwa kibonyezo cha umeme kilichofichwa. Nembo na mapambo ya kiwandani huondolewa. Taa za mbele huzamishwa ndani ya madigadi kama macho yaliyoingia ndani. Springi hukatwa au kubadilishwa ili gari lishuke. Ndani, viti hushonwa kwa mikunjo minene iliyonyooka, na vijana wengi wa California walikuwa wakivuka mpaka kwenda Tijuana, Mexico, ambako mafundi wa kushona walifanya kazi nzuri kwa bei nafuu.

Rangi nayo ni elimu peke yake. Joe Bailon wa California alipata sifa katika miaka ya 1950 kwa rangi nyekundu ifananayo na tofaa lililotiwa sukari. Siri yake ni kupiga kwanza rangi ya dhahabu au fedha, kisha kupiga juu yake matabaka mengi mepesi ya rangi inayopitisha mwanga. Mwanga huingia, ukagonga dhahabu, ukarudi. Mtu huhisi kwamba anaitazama rangi ndani ya maji. Kisha alikuwako Kenneth Howard, aliyejulikana zaidi kwa jina la Von Dutch, ambaye kwa brashi nyembamba na mkono mtupu alichora mistari iliyopinda na kukutana pasipo kutetema. Sisi tuliofunzwa kuandika kwa kalamu ya mwanzi chuoni twajua thamani ya mkono wa namna hiyo. Mstari ukishawekwa hauna rubuni.

MWENDO WA MADAHA

Katika mitaa ya Wamarekani wenye asili ya Mexico kazi hii ilichukua njia yake. Wengine walilishusha gari ili likimbie. Wao walilishusha ili litembee. Mwanzoni walitia mifuko ya mchanga katika buti, nyuma ikadidimia, wakatoka jioni katika barabara ya Whittier kwa mwendo wa mguu, jamaa nzima imo garini. Kwa Kihispania walisema bajito y suavecito, yaani chini-chini na polepole. Nionavyo mimi, neno letu madaha ndilo linalotosha hapo. Chevrolet zao za miaka ya 1930 mpaka 1954 waliziita bomba, yaani bomu, na mpaka leo viko vyama vinavyozienzi, kama Dukes kilichoanzishwa Los Angeles mwaka wa 1962.

Lakini maringo ya maskini huwaudhi baadhi ya watu. Mwaka wa 1958 sheria ya California ilipiga marufuku gari lililogeuzwa hata sehemu yake yoyote ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Maneno ya sheria hayakutaja kabila, lakini kila mtu alijua ni magari ya nani yatakayosimamishwa. Jawabu la vijana lilikuwa la kifundi. Mwaka wa 1959 Ron Aguirre alifunga katika Chevrolet Corvette yake pampu za mafuta zilizotoka katika ndege za kijeshi, zile zilizouzwa kwa bei rahisi baada ya vita. Kwa kuvuta swichi gari lilipanda likawa halali. Polisi akishapita, likashuka tena. Pampu iliyotengenezwa kwa ajili ya vita ikawa chombo cha mtu kutembea kwa heshima katika mtaa wake.

Mapambano hayakuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 polisi waliifunga barabara ya Whittier usiku ili magari hayo yasizunguke, na katika miaka iliyofuata miji kadha wa kadha ya California ikapitisha amri za kuzuia watu kuzunguka kwa magari yao. Wenye magari hawakuchoka. Walijipanga katika vyama, wakahudhuria mikutano ya mabaraza ya miji, wakaeleza kwamba huu ni urithi wao na si uhuni. Mwishowe bunge la California lilipitisha sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2024, ikafuta ile marufuku ya 1958 na kuiondolea miji uwezo wa kuzuia mizunguko hiyo. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 66. Kijana aliyekamatwa kwa gari lake mwaka ule amefikia umri wa babu, kama bado yu hai.

TUHUKUMU SASA

Turudi kwenye swali letu. Je, ni kuharibu?

Tutazame kisa kimoja. Mwaka wa 1952 Bob Hirohata, kijana Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliwapelekea ndugu Barris Mercury yake ya 1951. Walilikata paa, wakaondoa nguzo ya katikati, wakalipiga rangi mbili za kijani. Kwa kipimo cha kiwanda, gari lile lilikuwa limeharibiwa kabisa. Ilipofika 1959 lilikuwa gari kuukuu tu, akalinunua kijana mmoja kwa dola 500. Alikaa nalo maisha yake yote, akalitengeneza kidogo kidogo, na 2015 likasimamishwa katika maonyesho ya Pebble Beach pamoja na magari ya kifahari ya dunia. Mwaka wa 2017 liliandikwa katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Mwaka ule ule iliandikwa pia Gypsy Rose, Chevrolet Impala ya 1964 iliyochorwa mawaridi, ya Jesse Valadez wa Mashariki ya Los Angeles. Na mwezi wa Januari 2022 Mercury ya Hirohata iliuzwa mnadani huko Florida kwa dola 1,950,000, mbali na ada ya mnada. Mercury ngapi zilizobaki safi kama zilivyozaliwa zimepata kuitwa urithi wa taifa?

Kwa hivyo mimi siwezi tena kusema kwamba kila anayekata anaharibu. Kiwanda kilitengeneza magari mamia ya maelfu yasiyokuwa na tofauti, na mtu asiyekuwa na uwezo wa kununua jipya alichukua moja lililokwisha kutumika akalipa jina. Anayepokea kitu kilichotumiwa na wengine, kisha akakipa jasho na fikira zake mpaka kikawa hakifanani na kingine, hajakidharau kitu hicho.

Hata hivyo, maneno ya yule fundi wetu ni ya kweli, na wakati umeyatia nguvu. Sam Barris alipokata Mercury yake mwaka wa 1949, nyingine kama hiyo zilikuwa zikitoka kiwandani kila siku. Leo hakitoki hata kipande. Anayepata gari la mwaka ule likiwa zima, vitasa vyake, nembo zake na kitambaa chake cha kwanza vingali mahali pake, ana amana mkononi; afadhali alitunze lilivyo. Amtafute mwenzake lililooza sakafu, lililokosa injini, ambalo lisipopata mtu wa kulikata litasagwa liwe chuma chakavu. Hilo ndilo la kutiwa msumeno, na hapo msumeno huwa tiba. Na afanye yale yanayoweza kurudishwa kwanza, kama springi, magurudumu na umeme; yasiyorudishika ayaweke mwisho, baada ya kupima mara nyingi.

Kukata ni rahisi, na wanaokata ni wengi, si katika magari peke yake. Watu wanaostahili kusifiwa ni wale waliokata kisha wakaunga, wakaunga vizuri, hata mwenye jicho la ufundi akautafuta mshono asiuone.